Mama Tekla wa Kwenye Filamu

Jumatatu, 3 Novemba
Kibanda cha video kimejaa leo pia. Filamu ya Kifaransa, mapanga, farasi, wanaume wenye manyoya kofiani. Kifaransa sikijui, naangalia midomo, natunga. Nashika kipaza sauti nawasemea wote, hata farasi. Yule dada mwigizaji mkuu ananikosha. Anapigana na gauni lake refu. Usiku anavaa kinyago, anatokea dirishani, asubuhi adui mmoja kafa. Watazamaji wanapenda majina ya nyumbani, basi nikamwita Mama Tekla wa Pito, yule mjane anayetuuzia maharage sokoni. Naye hainamishi macho mbele ya mtu. Walicheka hadi wakagongana. Salehe, mwenye kibanda, kasema tuirudie wiki nzima.

Jumatano, 5 Novemba
Wanaomba wenyewe "ile ya Mama Tekla". Nimeongeza chumvi. Akivaa kinyago nasema anakwenda kuwanga. Nikiwa na kipaza sauti najipenda, sifichi.

Ijumaa, 7 Novemba
Mvua ya kwanza. Radi imepiga zizi huko Pito, mbuzi wote wa jirani yake Mama Tekla wamekufa. Sokoni maharage yake hayaguswi. Kijana mmoja, mteja wangu wa kila siku, kaniambia mbele za watu: "Dada, si ulituonyesha mwenyewe anavyotokaga dirishani?" Hakuwa anatania.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimesimamisha filamu katikati. Nimewaambia yule ni mwigizaji, Mfaransa, jina nimempa mimi kwa utani. Sauti ya nyuma: "Huyu naye ameshalogwa, kafungwa mdomo." Wakatikisa vichwa kukubali. Salehe kanivuta pembeni, kaniambia ninyamaze, watatubomolea kibanda. Mwoga. Na mimi vilevile.

Jumapili, 9 Novemba
Kanisani Mama Tekla alikaa benchi zima peke yake. Sikwenda kukaa naye. Niliogopa, basi.

Jumatatu, 10 Novemba
Usiku wamerusha mawe kwenye bati lake. Mwenyekiti wa mtaa kasema atafuatilia. Kufuatilia kwake nakujua. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe nimeutia mimi. Nimekataa kuonyesha ile filamu. Salehe kampa mtu mwingine kipaza sauti. Jina la Mama Tekla wamelibakiza.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemkuta Mama Tekla stendi na gunia la nguo. Anahamia Namanyere kwa kaka yake. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nikamwambia ni mimi niliyeanza. Alikuwa anajua. Nikaomba msamaha, akatazama upande wa mabasi. Baadaye akauliza, kwa kuwa yeye hajaiona hiyo filamu, huyo mwanamke mwishoni anakuwaje.

Kwenye filamu wanamchoma moto uwanjani, watu wanashangilia.

Nikamwambia anapanda farasi, anarudi kwao salama.

Akasema vizuri. Nikapanda naye basi, nikamsukumia gunia chini ya kiti, nikashuka.