Ua Lisilo na Jani

Mjukuu wangu mpenzi,

Kosa la wengi ni kuuona mmea huu mdogo ninaouchunguza sasa, kwenye majani makavu, na kudhani ni uyoga. Ni mfupi kuliko njiti ya kiberiti, hauna jani hata moja, na chakula chake chote hukipata kwenye kuvu ya udongoni.

Jana nilipasua ua lake chini ya lenzi. Petali sita zimeungana kama mtungi, na ndani yake stameni zenye chavua zimening'inia vichwa chini, kama taa za dari. Ovari, kifuko cha mbegu, imejaa mbegu laini mithili ya vumbi. Mchoraji anayenichorea mimea akacheka: "Mzee, huyu hajipikii, lakini kapendeza."

Dada yako alinipigia simu. Anasema tangu utoke hospitali unasukuma sahani, eti hutaki kuwa mzigo kwake. Alikuwa analia, ingawa alisingizia mafua.

Mama, kulishwa hakukuuzuia mmea huu kuchanua. Nami nilipovunjika nyonga ulininywesha uji kwa kijiko, wala sikukusikia ukinung'unika.

Leo dada yako akikuwekea chakula, kula.

Babu yako