Mikono ya Mama Thandi

Salma mjukuu wangu,

Sisi hapa Berea tu wazima. Lifti imekufa tena, na babu yako anapanda ngazi huku akizitukana.

Umeniuliza kwa nini huko Australia, kwenye wiki ya maridhiano, mwalimu anataka nawe uwaombe radhi wenyeji wa asili, wakati sisi watu wa Tanga hatukumpora mtu ardhi.

Nilipokuwa msichana nilikuwa nauza kwenye spaza, kiduka cha mtaani, ya mjomba wangu huko Soweto. Ndugu mmoja wa Mama Thandi, jirani yetu, akavunja duka. Kwa hasira nikasimama barabarani nikauita ukoo wao mzima wezi. Mtaa ukachafuka, tukaambiwa tuhame. Siku ya Maridhiano, sikukuu ya huku, wazee wakatuita uani kwa Mama Thandi. Palikuwa na beseni na jagi la maji yenye majivu. Mama Thandi akanimwagia mikononi. Nikanawa, nikajifuta kwa kanga, nikakaa kungoja chakula kama kwetu. Sikujua kwamba kwao waliogombana humwagiana maji, kila mmoja kwa zamu yake.

Mama Thandi bado kanyoosha mikono.

"Mmwagie, watatuua!" mjomba akaninong'oneza.

Nikajibu kwa Kizulu changu cha kuunga, "Mbona sisi ndio tuliovunjiwa?"

"Na mimi sikuvunja," akasema Mama Thandi, "lakini nimekumwagia."

Nikanyanyua jagi. Nikamwaga kwa pupa hata nikamlowesha viatu, naye hakurudisha mikono.

Ni mimi bibi yako, ambaye hadi leo sijifuti kabla ya kutazama nani bado kanyoosha mikono.