Mistari Minne Niliyoizima

Molo,
Jumatano jioni

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu za binti yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu haukusumbui sana na baridi hii. Mama naye, kifua kimepata nafuu? Mimi sijambo. Huku ukungu hauondoki mpaka saa nne, na malori ya viazi yameivuruga barabara hata tunaenda kazini na gambuti, lakini Mungu anatutunza. Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nilikupigia mara mbili wiki iliyopita, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za kuku. Nikaona heri niandike.

Nilikwambia kwamba kituo chetu cha ufundi kilipewa kompyuta kumi na nne na wahisani wa Njoro. Zilikuwa za zamani, kuwaka tu ni nusu saa. Tukakubaliana na Madam Wangare, mkuu wetu, tufute kila kitu tuziwekee mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na hauzilemei mashine kuukuu. Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kompyuta. Nikapewa fundi Thuo anisaidie, mtu aliyenizidi umri, aliyekuwa akitengeneza redio karibu na soko. Walimwajiri kwa miezi sita ya majaribio. Mimi nilitayarisha kompyuta ya kwanza, naye akainakili kwenye zile kumi na tatu, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ambao sijauona kwa vijana wenye vyeti.

Sasa, Baba, kompyuta ikishawekwa si kwamba imekwisha. Kila mara inapaswa kuletewa marekebisho kupitia intaneti, yale tunayoyaita apdeti. Zetu hazikuletewa hata moja. Tukiziuliza, zinajibu kwamba kila kitu kiko sawa, hakuna jipya. Jibu hilo lilinifurahisha, sikulichunguza.

Ikafika wiki ya kuwasajili wanafunzi kwa mtihani. Ilikuwa Jumanne, na usajili ungefungwa Ijumaa. Tovuti ikakataa kufunguka, ikasema programu zetu zimepitwa na wakati. Tulikuwa na wanafunzi ishirini na wawili, wengi wao kina mama waliorudi darasani baada ya miaka mingi. Tukikosa siku hiyo, wangengoja mwaka mzima.

Madam alituita ofisini pamoja na walimu wengine. Akauliza ni nani aliyeziweka kompyuta zile. Nilisema ni fundi Thuo. Hilo lilikuwa kweli kwa zile kumi na tatu. Halafu nikaongeza kwamba labda aliharakisha. Hilo halikuwa kweli, na nililijua mdomo wangu ukiwa bado wazi. Thuo aliniangalia kwa muda, kisha akaangalia sakafu. Madam akamwambia majaribio yake yameishia hapo.

Jumatano nilijifungia chumbani nitafute kasoro. Kwanza nikapima intaneti, ilikuwa inafika. Nikatazama saa na tarehe, maana kompyuta yenye tarehe mbovu hukataliwa huko inakoomba; zilikuwa sawa. Mwisho nikafungua ile orodha inayoiambia kompyuta iende wapi kutafuta apdeti. Ilikuwa na mistari minne, na mbele ya kila mstari palikuwa na alama ya reli, ile iliyo chini kwenye vibonyezo vya simu. Mstari ukiwekwa alama hiyo, kompyuta huuruka kana kwamba haupo. Kwa hiyo haikuwa ikidanganya iliposema hakuna jipya. Haikuwa na mahali pa kuuliza.

Nikafungua ya pili, na ya tatu. Zote vivyo hivyo.

Baba, alama zile niliziweka mimi. Siku tunaanza, bando la intaneti lilikuwa linakaribia kuisha, na kompyuta ya kwanza ilikuwa inavuta vitu vingi mno. Nikaizima mistari ile ili imalize haraka, nikajiambia nitairudisha kesho yake. Kesho hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Thuo alinakili kile nilichompa.

Niliziondoa alama, na apdeti zikaja zaidi ya mia nne kwa kila kompyuta. Alhamisi saa kumi tukamsajili mwanafunzi wa mwisho, mama mmoja aitwaye Chepngeno, naye akalia. Ijumaa kwenye maombi ya asubuhi Madam alinisifu mbele ya wote. Walinipigia makofi, nami nikayapokea.

Jumamosi nilimtafuta Thuo. Nilimkuta kwenye ghala akichagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kuchagua. Akasema, "Mwalimu, hizo alama niliziona siku ya kwanza. Nikakuuliza, ukaniambia niache vile iko."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya Madam.

"Nilikuwa nangoja wewe useme," akasema.

Jumatatu nilimwomba Madam awaite wale wale waliokuwepo, na Thuo pia, nikasema ukweli wote. Madam hakunifokea. Alinyoosha mkono nimpe ufunguo wa chumba cha kompyuta, akamkabidhi Thuo, akamwomba msamaha. Mimi nimebaki kufundisha tu. Jana Thuo alinionyesha karatasi aliyobandika ukutani: kila mtu akibadilisha kitu, aandike nini, lini, na jina lake. Jina langu ndilo la kwanza, kwa mwandiko wake, na tarehe ya mwezi wa tatu. Nikatia sahihi.

Lakini si kwa sababu hiyo ninakuandikia. Nimekua nikijua jina la yule msimamizi wa kiwandani aliyesema wewe ndiwe uliyeacha vali wazi, ukafukuzwa kazi kwa kosa ambalo si lako. Sote tunalijua, hata mdogo wangu Maxwel aliyezaliwa baadaye. Nililichukia jina hilo kabla sijajua kusoma. Na siku ile ofisini nilifanya kama yeye, bila kutetemeka, nikaenda kunywa chai. Sitaki ulisikie hili kwa mtu mwingine. Yeye hakurudi kukwambia chochote, na sijui kama angerudi ungemfungulia.

Msalimie Mama, na Maxwel umwambie asome. Nitakuja Jumamosi. Nitabisha mlango kama mgeni, na uamuzi wa kuufungua nakuachia wewe.

Ni mimi bintiyo,
Immaculate Wasike