Sekunde Sita za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa tena kazi ya waliotutoka. Kila mwaka ni mimi. Mkuu wa chumba cha uhariri anasema nina mkono mtulivu. Labda. Au ndimi peke yangu nisiyejua kukataa.

Watu ishirini na wawili safari hii. Watapita kwenye skrini kubwa siku ya tuzo za filamu huku wimbo ukiimbwa jukwaani, na bendi imeshasema wimbo hauongezwi wala haupunguzwi. Kila mmoja sekunde sita. Sekunde sita! Mtu amelia mbele ya kamera miaka thelathini, anapewa muda wa kufunga kamba za kiatu.

Nikaisoma orodha. Yumo yule mama aliyeigiza mama wa kambo maisha yake yote, mpaka sokoni wachuuzi wakamkatalia nyanya. Alikuwa mpole jamani, alinifundisha kufuma. Yumo mchekeshaji mnene. Mwenzake mwembamba yu hai bado, ila tangu mazishi hajapanda jukwaani. Yumo fundi taa ambaye hatuna hata picha yake, tuna kivuli chake ukutani tu. Namba kumi na tisa — baba.

Sikujua kama wamemweka. Nikalifuata jina kwa kidole kwenye skrini. Mkuu akaniona, akasema, "Ulidhani tutamwacha? Nani asiyemjua Marehemu!"

Hilo ndilo lilikuwa jina lake la kazini, Marehemu, akiwa mzima wa afya. Miaka thelathini na moja aliigiza maiti. Si mgonjwa, si mlinzi, si mpita njia: maiti. Ukihitaji mtu wa kuuawa mwanzoni mwa filamu, unampigia simu baba. Watoto wa mtaani walikuwa wakiimba "Marehemu anapita!" naye anawanunulia pipi. Mwaka jana nilipopiga simu kuwaambia watu amefariki, watatu walicheka kwanza. Siwalaumu.

Mchana nikampa mama habari. Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Atatokea amelala au amesimama?"

Nikamwambia, mama, si unajua kazi ya baba.

"Kazi ya mume wangu naijua. Nakuuliza, amelala au amesimama?" Akaendelea: "Nitakuja ukumbini. Lakini ukinionesha amelala, mwanangu, utanizika palepale kwenye kiti."

Kisha akauliza kama nimekula.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya pili natafuta baba aliye hai. Hakuna!

Amezama. Amelishwa sumu. Ameangushwa ngazini. Amekutwa kwenye buti ya gari. Mara tatu amefunikwa shuka, inaonekana miguu tu, na nimeijua miguu — kidole gumba cha kushoto kilichopinda. Nimelia kwa sababu ya kidole gumba. Mhariri mwenzangu wa meza ya pili akadhani naumwa jino.

Saa tisa nikapiga kelele. Filamu ya zamani, baba anatembea! Anatembea kwa miguu yake, anafungua mlango, anaingia, mlango unafungwa, risasi. Lakini ni mgongo tu. Nikamwita Mkuu. Akatazama mara mbili, akasema mgongo ni wa mtu yeyote.

"Dada, kwa nini unajitesa? Weka ya inzi."

Ya inzi kila mtu anaijua. Baba yuko kitandani, amekufa, mama wa kambo anamlilia machozi ya uongo. Inzi wa kweli, hakuitwa na mtu, akatua shavuni kwa baba. Akatembea. Akafika ukingoni mwa jicho, na jicho liko wazi! Baba hakupepesa. Mwongozaji akaacha kamera iendelee kurekodi. Watu walipiga makofi kwenye majumba ya sinema. Kumpigia makofi maiti, hiyo ni baba peke yake.

"Huyo ndiye baba yako," Mkuu akasema. Hana nia mbaya. Hiyo ndiyo shida yake, hana nia mbaya kamwe.

Alhamisi, 6 Machi

Kanda kumi na moja. Amekufa zote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda kwa mama. Sijui niandikeje.

Nilikwenda nimeshapanga maneno. Kwamba ya inzi ni ya heshima. Kwamba ndiyo kazi aliyojivunia. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akasukuma ungo pembeni.

Baba alikuwa na kawaida ya kufanya mazoezi sebuleni. Hilo nalijua, nimekua nalo. Anatandika mkeka, anasema "naondoka", analala chali, anajifunza kupumua kwa tumbo kifua kisionekane. Sisi tunaendelea na maisha. Tulikuwa tunamruka tukienda shule. Mama akifagia anamwambia, "Inua mguu, Marehemu," naye anainua mguu hewani, macho amefumba, anafagiwa chini yake, anaushusha. Wageni walikuwa wanakimbia!

Siku ile mama alikuwa anafagia.

"Nikamwambia inua mguu," mama akasema. "Hakuinua. Nikasema leo mwenzangu umekazana. Nikafagia pembeni yake. Nikamsifu, mwanangu. Nikamwambia leo umeweza kweli, hata mimi ningekuzika. Nikatoka kuanika nguo. Nimeanika shuka zote. Nimeongea na jirani. Nimerudi, nimemruka kwenda jikoni."

Alimruka mara mbili, kwenda na kurudi.

Mwaka mzima hakumwambia mtu. Mimi nilijua tu kwamba baba amefia nyumbani, ghafla, moyo. Daktari alisema hata angewahiwa asingepona. Nikamkumbusha. Akanitazama kama ninamfundisha kupika.

"Kila usiku namwona vile alivyolala. Nasubiri ainuke. Maisha yetu yote, mtu huyu akilala hivyo, mwisho wake anainuka. Mwisho wake anauliza chakula kiko wapi." Akauvuta ungo. "Nataka nimwone anainuka. Mara moja tu, hata kwenye sinema."

Nikachambua naye mchele. Nimerudi nimejifungia chooni nikalia kama mtoto.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga moyo konde, nimeshuka stoo.

Stoo ya kanda iko chini ya ngazi za nyuma, na mwenyewe ni Bi Stoo. Mwanamke mrefu, hanyamazi, ana funguo nyingi kuliko mlinzi wa jela. Nilimwambia natafuta kanda ghafi, zile za kabla ya kukatwa. Akacheka. Nusu zimefutwa zikarekodiwa upya, nyingine zimeota ukungu, na mwisho wa mwezi zilizobaki zinatupwa.

"Nyie wahariri mnataka chakula, jikoni hamji," akasema. "Unamtafuta nani?"

Nikamtajia.

Akanyamaza. Bi Stoo! Kisha akavuta ngazi, akapanda mwenyewe, na miaka yake ile. Akaanza kunirushia makasha: hili, na hili, na hili. Alikuwa anamjua. Anasema baba alikuwa akija kumsalimia kila akilipwa, anakaa kwenye lile kasha la mbao, na anaongea! Kutwa anaongea! "Mtu kazini hana hata neno moja, unadhani ayapeleke wapi?"

Sikulijua hilo. Nyumbani alikuwa mkimya.

Jumanne, 11 Machi

NIMEMPATA.

Kasha la saba, kanda ya pili. Sakafu ya vigae, baba amelala ubavu, unga mweupe usoni. Kibao cha kuanzisha tukio kinagongwa. Kimya kirefu. Halafu sauti ya mwongozaji, "Kata! Mzee, umepumua."

Baba anafungua jicho moja. Moja tu. "Nimepumua?"

"Kifua kimepanda."

Na anainuka! Anaegemea kiwiko, anakaa, anajikung'uta unga, anacheka, meno yote nje, jino la pembeni halipo. Anaitazama kamera moja kwa moja, ananitazama mimi, anasema, "Basi nirudie. Safari hii nitakufa vizuri."

Nimeirudia mara arobaini. Nilisahau sauti yake. Mwaka mmoja tu, nimeisahau! Nilikuwa nadhani ni nzito, kumbe nyembamba.

Nimeikata: jicho, kuinuka, kicheko, anatutazama. Sekunde sita kamili, kama mtu alipima.

Nikampigia mama. Nimempata, anaamka. Nikasikia redio ya jirani.

"Anaamka mwenyewe? Hainuliwi?"

"Mwenyewe, mama."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Sikuwa nimekisikia tangu msiba. Nikataka kumletea aione, akakataa. Ataiona siku hiyohiyo, na watu, amevaa. Anapeleka gauni kwa fundi.

Alhamisi, 13 Machi

Mkuu ameipitisha. Shingo upande. Alitaka inzi. Nikamwambia nitalala chini hapahapa ofisini nisipumue. Akasema haya, haya, sita tu.

Mwenzangu wa meza ya pili akauliza huyu mzee anayecheka ni nani. Nikamwambia ndiye Marehemu. Akakataa! "Marehemu si huyu."

Sijui kwa nini hilo limenisumbua mchana kutwa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia nyuma ya jukwaa, chumba cha mitambo. Saa kumi na moja jioni. Nusu saa kabla ya kuanza.

Malkia amefariki, yule mwigizaji mkuu wa filamu zetu. Leo, saa nne asubuhi, hospitali. Simu zote zililia kwa pamoja, kisha jengo zima likaanza kulia. Mpaka wale wa sauti, wanaume wazima. Mimi pia nimelia, tena kwa uchungu. Nimekua nikiutazama uso wake. Na ndiye pekee aliyekuwa akisema wakati wa mapumziko, "Mpeni marehemu maji, naye ana koo." Baba alikuwa anaikumbuka sentensi hiyo kama sala.

Kwa hiyo sina kinyongo naye. Naandika hapa nisije nikajidanganya: sina.

Lakini Malkia anahitaji sekunde ishirini, na wimbo haurefuki. Mkuu amekata kila mahali. Fundi taa alikuwa na sita, sasa tatu. Mama wa kambo nne. Baba nne.

Nikajaribu. Nikaondoa jicho, nikaanzia kuinuka: anakaa, anajikung'uta, anacheka, anatutazama. Inatosha! Nne na robo, nikaiminya. Mkuu akaitazama amesimama, koti ameshavaa, macho mekundu.

"Dada, hapana. Kwa sekunde nne watu wanatakiwa wamjue papo hapo. Hapa wataona mzee anaamka sakafuni, watauliza huyu nani. Weka inzi."

Nikamwambia kuhusu mama. Nikamwambia yote, hata fagio. Alikaa. Akashika kichwa. Nilidhani nimempata.

"Pole sana," akasema. "Pole kweli. Lakini watu elfu mbili wamekaa pale, na mamako ni mmoja. Wampigie makofi au wakae kimya? Chagua mwenyewe ipi ni heshima yake."

Ana haki. Hilo ndilo linaloniua. Ukumbi mzima haumjui baba akiwa hai. Ya inzi itapigiwa makofi, watasimama, na mama atakuwa katikati yao anamtazama vile alivyomwona sebuleni, amelala, hainuki, na watu wanashangilia.

Mkuu mwenyewe akaweka inzi. Akahifadhi. Akaiingiza kwenye flashi, akaniachia, akaenda kumpokea mgeni rasmi. "Fundi mitambo atakuja kuichukua."

Mama amepiga. Kelele za watu nyuma yake. Ameketi, safu ya saba, gauni limekaa vizuri, jirani amemfunga kilemba.

"Niambie tu anakuja baada ya nani, nijiandae."

"Baada ya fundi taa, mama. Ni kivuli ukutani. Ukiona kivuli, anayefuata ni baba."

"Na anaamka?"

Mbele yangu kwenye skrini inzi amefika shavuni.

"Anaamka, mama."

"Haya. Basi mimi niko hapa." Akakata.

Nimerudisha ile ya kuamka. Nimeanza kuitengeneza upya video yote, kuanzia Malkia mpaka mwisho. Kompyuta hii ni kobe. Asilimia kumi na nane.

Fundi mitambo amegonga. Nimemwambia dakika moja.

Asilimia thelathini na tano. Taa za ukumbini zimezimwa, nasikia watu wanashusha sauti. Kwa heshima ya Malkia wameamua waliotutoka ndio wafungue sherehe. Hakuna aliyeniambia!

Fundi amegonga tena, na Mkuu yuko naye. Mlango nimeufunga kwa ndani. Sijui nilisimama saa ngapi kuufunga. Kazi hii nimeifanya miaka tisa na ninaipenda. Mkuu hapigi kelele, anasema fungua dada, fungua tuongee.

Hamsini na moja. Bendi imeanza kupasha ala.

Hamsini na nne. Baba, fanya haraka. Mama amekaa. Baba, inuka —