Maji ya Mgeni Yaishie Mlangoni

Garsen,
Mto Tana,
19 Septemba, 1956.

Mpendwa ndugu yangu Uledi,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ya mwisho ilinifikia kabla ya mafuriko ya mwaka jana, na tangu hapo sijakujibu hata neno moja. Mimi niliyewaadhibu watoto wa watu kwa kuchelewesha insha nimechelewesha barua ya ndugu yangu mwenyewe. Udhuru wangu ni huu tu: kila niliposhika kalamu nilikuwa na habari nusu, nami sipendi kuandika habari nusu. Leo pia ni nusu, lakini nimeona si haki kukungojesha zaidi.

Je, hali yako huko Tanga? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua unapoinama kwenye mabehewa? Shemeji yangu hajambo? Uliniandikia kwamba kifua kilimbana wakati wa baridi. Nataka kujua kama amepona kabisa, si kwamba anaendelea vizuri. Unapenda sana kuandika kwamba mtu anaendelea vizuri bila kusema anaendelea kwenda wapi.

Sisi huku tu wazima. Mke wangu Mbeyu anasumbuliwa na magoti, lakini hakubali kuacha shamba. Mafuriko yaliichukua migomba yake yote, naye akawa anasimama ukingoni kila asubuhi akiutazama mto kama mtu anayemngoja mdeni wake. Sasa mto umerudi mahali pake na kutuachia tope jeusi zuri. Mahindi yamesimama, mpunga nao si haba. Hasimami tena ukingoni.

Karakana yetu ya vioo vya rangi ingalipo. Paa ni jipya, kuta ni zile zile, ila zimepigwa udongo upya upande wa mtoni. Kile kidirisha ulichokitengeneza kwa vipande vya mabaki, chenye nyekundu iliyopinda pembeni, hakikuguswa na maji. Jua likipanda kidogo, ule wekundu bado huangukia mezani pale pale ulipokuwa ukiweka kikombe chako cha kahawa. Nikiuona huwa nasikia hatua za Bwana Kioo zikija kukimwaga.

Unamkumbuka alivyokuwa hasemi neno? Tulimwita Bwana Kioo kwa sababu jina lake lilitushinda, yule fundi wa misheni aliyetufundisha mimi nawe kukata vioo na kuviunga kwa kanda za madini ya risasi, hadi madirisha ya kanisa yakatimia. Alikuwa akichukua kikombe chako, anakwenda nacho nje, anakimwaga kwenye majani, anakuosha mikono kwa mchanga na sabuni kama mtoto mchanga, kisha anakurudishia kikombe kitupu. Wewe ulikuwa ukininong'oneza, "Kaka, huyu mzee ana wivu na kahawa yangu." Ilikuchukua muda kuelewa kwamba vumbi la risasi huingia mwilini kwa njia ya mdomo, na kwamba mtu hulila bila kulionja.

Vita vilipoanza akaondoka, nasi tukabaki na makasha yake. Ndipo tulipoandika kanuni ukutani. Nilizitunga mimi, ukaziandika wewe kwa masizi na gundi, maana mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wangu, jambo ambalo sikuwahi kukuambia.

Nimezirudia kichwani mara nyingi mwaka huu. Kikombe kisiwekwe juu ya meza ya kazi. Chungu kilichoyeyusha risasi kisirudi jikoni hata kikioshwa. Kioo kibebwe wima, na mbebaji aseme "Kioo!" kabla ya kupita mlangoni. Asiingie mtu bila akala miguuni. Vigae vitiwe ndani ya debe na kufukiwa, visitupwe ukingoni wanakonyweshwa ng'ombe na wanakooga watoto. Mtu asichukue risasi kwenda kutilia uzito nyavu zake. Hii ya nyavu tuliiandika kwa ajili ya mtu mmoja, nawe unamjua, ndiyo maana uliiandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote.

Na ule mstari sakafuni! Upande wa meza ya kukatia ni upande wa maji: hapo sakafu hunyunyizwa kabla ya kufagiwa, ili vumbi la kioo lisiruke na kuingia vifuani. Upande wa moto ni mkavu, daima mkavu, kwa sababu tone moja la maji likiwa ndani ya kalibu ya kumiminia kanda, risasi iliyoyeyuka ikimiminwa humo hulipuka na kurukia mtu. Chumba ni kimoja, na jambo lile lile ni wema upande huu na hatari upande wa pili. Wageni walikuwa wakitucheka walipotuona tukivuka mstari huku tukikung'uta mikono.

Sina haja ya kukukumbusha siku ya mama. Lakini nitaiandika, kwa sababu mwaka huu imekuwa kama mwenzangu wa nyumbani. Mzee wa kanisa alikuwa anakuja kuangalia kazi. Mama akatangulia na kibuyu chake, akanyunyiza sakafu yote ili mgeni asikanyage vumbi, kama alivyofanya nyumbani kwake maisha yake yote na kama alivyofanya mama yake. Matone yakaingia ndani ya kalibu. Wewe ulikuwa umeupa mlango kisogo, ukachota risasi kwa upawa, ukamimina.

Nilisikia ule mlio, kisha sikusikia sauti yako kabisa. Uliuficha mkono ulioungua nyuma yako, ukamwamkia mzee, ukangoja akae, ukangoja anywe maji, ukamjibu maswali yake yote kuhusu madirisha. Mama hakujua mpaka mgeni alipoondoka. Sijamwona mtu mwingine akifanya vile, wala sitarajii kumwona.

Baada ya hapo ndipo ulipoongeza ile kanuni ya mwisho: Maji ya mgeni yaishie mlangoni. Mimi nilitaka tuandike kwamba ni marufuku kunyunyiza maji. Ukakataa. Ukasema mama asinyimwe kumkaribisha mtu. Anyunyize nje, tangu njiani hadi kizingitini, naye mgeni atakanyaga ardhi iliyopoa kabla hajaingia. Ulipomsomea alicheka mpaka akaketi. "Loo! Hata maji yangu yamewekewa mpaka kama ng'ombe wa Waorma?" Lakini tangu siku ile hakuuvuka mpaka huo hata mara moja, hadi alipotutoka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ulipohamia Tanga hatukuwa na mtu wa kumimina risasi. Mimi kanda zangu zilitoka zimepinda kama mikunga. Ndipo tulipompokea Hersi, mwana wa Mzee Dagane mwenye duka, ambaye alijifunza kulehemu taa kwao Garissa. Ana mkono mtulivu, karibu kama wako. Tukapatana hivi: yeye atatumia meza yetu na almasi yetu ya kukatia vioo vya taa zake, naye atatumiminia kanda za risasi kwa madirisha ya kanisa. Miaka yote hii tumekaa hivyo, Wakristo upande mmoja wa meza na Mwislamu upande wa pili, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya nani amevunja kioo cha buluu.

Mafuriko yakaingia. Maji yalikaa ndani siku nyingi, na yalipotoka udongo wa ukuta wa kanuni ulikuwa umebanduka wote. Hapakusalia hata herufi. Wenzetu wakasema hakuna haraka ya kuandika upya, kila mtu anazijua. Na kweli kila mtu alizijua, isipokuwa mtu mmoja ambaye hakuwapo: Nurto, mke wa Hersi, aliyeletwa kutoka Garissa baada ya maji kupungua.

Mwezi wa Julai Mzee Boru alikuja kuangalia vioo vya dirisha la msikiti, ambavyo Hersi ameagizwa avitengeneze. Unamkumbuka Mzee Boru, yule Muorma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nurto alimwona kwa mbali. Akafanya heshima. Akachukua maji akanyunyiza sakafu, upande huu na upande ule, vizuri sana, kwa mkono mwepesi. Mimi nilikuwa nje nikifukia vigae. Hersi akamimina.

Risasi ilimpiga chini ya jicho. Jicho limepona, tumshukuru Mungu; kovu lina ukubwa wa punje ya mtama. Yeye mwenyewe anafanya mzaha. Juzi aliniambia, "Mwalimu, usihofu. Hii macho ya kushoto ni ya duka, ile ya kulia ndiyo ya kazi." Nimemwambia kwamba macho hayasemwi hivyo. Akajibu, "Basi wewe rekebisha maneno, mimi narekebisha macho."

Lakini Nurto hacheki. Tangu siku ile hajakanyaga karakana. Mzee Boru alikwenda mwenyewe nyumbani kwao kumtuliza. Alimwambia, "Binti yangu, mimi ni mtu wa ng'ombe. Nimekanyaga tope na mavi tangu kuzaliwa. Nani alikwambia mguu wangu unaogopa vumbi?" Wanawake wote waliokuwapo walicheka, ila yeye akafunika uso.

Na hapo ndipo shida ilipozaliwa. Changawa, ambaye sasa ndiye anayesimamia madirisha kwa upande wa kanisa, amesema tuachane. Kila mtu na moto wake. Anasema pahali pa watu wengi hapana mlinzi, na kwamba safari nyingine jicho litakwenda kweli, na watu watasema ni Wakristo waliompofusha mwana wa Dagane. Si mtu mbaya, Uledi. Anaogopa, na anachokiogopa kipo.

Hersi kwa upande wake amesema kwamba ikiwa wenzake hawamtaki atahamishia chungu chake uani kwake. Nilikwenda kuuona huo ua. Watoto wanatambaa pale, kuku wanadonoa pale, na maziwa huwekwa kivulini pale pale ambapo angeweka makaa. Nilimuuliza, "Utachora mstari wapi hapa?" Akainama kumfukuza kuku karibu na maziwa.

Wakitengana, ndugu yangu, zitakufa kazi zote mbili. Sisi tutakuwa na almasi na vioo bila mtu wa kumimina. Yeye atakuwa na moto bila meza. Na watoto wale watakula vumbi la risasi pamoja na uji wao. Nimeyasema haya mbele ya wote, kwa utaratibu, hoja baada ya hoja. Changawa alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, yote ni kweli. Lakini nani atausimamia moto? Wewe huoni tone la maji mpaka ulikanyage."

Niliudhika, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Miwani niliyoinunua Malindi hainisaidii tena penye mwanga hafifu. Anatakiwa mtu wa kukaa upande wa moto, anayekijua chungu, ambaye Hersi atamheshimu na Changawa hatambishia. Ndipo Hersi aliponiuliza, "Yule ndugu yako wa Tanga, mkono wake ulipona?" Nikamwambia vidole viwili havikunji, lakini mkono unafanya kazi. Akasema, "Huyo mimi nitamsikia."

Hata Changawa alitazama chini.

Sikuamuru urudi. Najua una kazi ya kudumu, na najua shemeji ameizoea Tanga. Mimi nilikuamuru mambo mengi tulipokuwa vijana, nawe ulitii mengi kuliko yaliyostahili kutiiwa. Safari hii nakueleza tu jinsi mambo yalivyo. Mkutano umeahirishwa mpaka Mzee Dagane arudi kutoka Garissa, kwa sababu Hersi hataki kusema la mwisho bila baba yake, na hapo ana haki. Siku hiyo wataamua kama tunabaki pamoja au kila mtu anachukua chake.

Wakati tunangoja, nimepiga chokaa ukuta uliokandikwa upya nikaandika kanuni upya. Nimeandika ya chungu, ya akala, ya vigae, ya kikombe. Hata ya nyavu, na mwenye nayo alipita akaisoma na kujifanya haimhusu. Herufi zangu si nzuri. Mistari inapanda kuliani. Ile ya mwisho sikuiandika. Nimeacha nafasi yake chini, imepakwa chokaa safi, upana wa mkono uliokunjuliwa.

Nurto alikuja jana. Hakuingia; alisimama kizingitini akaniuliza pale patupu pana nini. Nikamsimulia habari za mama, za kibuyu, na za mwanawe aliyeuficha mkono nyuma ili mgeni anywe maji kwa amani. Akasikiliza yote. Kisha akaenda mtoni, akarudi, akanyunyiza maji tangu njiani hadi kizingitini, akakomea hapo. Hapakuwa na mgeni yeyote. Sikumuuliza alikuwa akimnyunyizia nani.

Mbeyu anakusalimu sana, na anasema umlete mkeo aone mahindi. Hersi anakusalimu ingawa hamjaonana. Mzee Boru anakumbuka jina lako. Nisalimie shemeji na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake, usiwajumlishe. Mungu aliyetulinda na mto awalinde nanyi huko mliko, awape afya na usingizi mwema.

Mzee Dagane akifika na neno likakatwa, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Wakiamua kutengana, nitaiziba ile nafasi kwa udongo, nami nitakwambia hivyo bila kuficha. Wakiamua kubaki pamoja, nitaiacha kama ilivyo. Hakuna mkono mwingine ila wako utakaoiandika kanuni ile.

Ndimi kaka yako, akupendaye tangu ulipokuwa hujui kushika kalamu,

Godana