CD Yako Niliitundika kwenye Mchicha

Mume wangu Shabani,

Salamu zitafuata. Kwanza ukae chini. Ile CD yako ya rap ya vijana wa Kusini ya huku Marekani, uliyoniachia ulipohamia Atlanta, niliitundika kwenye mchicha ifukuze ndege. Imekaa huko kiangazi kizima, inalowa na kukauka, na ndege wenyewe wameinyea. Nimeshasema. Sasa salamu: hujambo, mke mwenzangu hajambo, na tumbo lake halijambo?

Barua hii anaiandika mama yako kwenye simu yake, maana mimi kalamu sikufundishwa. Nimemwambia asipunguze neno, na akimaliza aitie kwenye kundi la Watanzania wa huku waisome wote. Amenigombeza: "Mama, haya si mambo ya nyumbani?" Nimemwambia ndiyo maana. Bibi yako nakujua. Ukitaka kunikasirikia ukasirike mbele za watu, na kati yao wapo waliokubeba mgongoni ukiwa na kamasi.

Ilivyokuwa ni hivi. Vitu vyangu navijua kwa alama. Dawa ya presha ina kifuniko cha bluu, ya goti ina cheupe. CD yako niliibandikia ile karatasi ndogo inayokuja kwenye ndizi za dukani, nikawa na hakika siipotezi. Kumbe nimebandika kwenye kasha, si kwenye CD. Mama yako katika kusafisha akaitoa yako, akatia kaswida zake humo, nyingine zote akazimwaga kwenye mfuko mmoja. "Mama, hizi siku hizi hazisikilizwi na mtu. Tupa." Mimi na kutupa wapi na wapi. CD mbovu ni mlinzi wa bustani, nani asiyejua? Nikazipitisha uzi, nikazitundika juu ya mchicha na matembele, zikametameta mpaka jirani akauliza kama tuna harusi. Ndege walikimbia siku tatu. Paa wa mji wetu huu wa Bowie hawakukimbia hata siku moja. Walikula matembele yangu huku wakijitazama kwenye CD yako.

Na mimi wala sikujua. Nimejua juzi, baada ya simu yako. Nililitoa lile kasha lenye alama ya ndizi, nikamwambia mama yako anipeleke kwenye gari lako bovu, maana ndilo pekee hapa lenye mdomo wa CD. Nilitaka kuusikia ule wimbo wa sita kabla hujaichukua. Tukaisukuma ndani, wakaanza kuimba watoto wa madrasa. Mama yako alicheka mpaka akaegemea usukani. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

Unakumbuka tulivyoanza? Nimetoka kufanyiwa upasuaji wa goti, unanipeleka mazoezini Columbia Heights mara mbili kwa wiki, na foleni inatushika kabla hatujafika Bladensburg. Siku ya kwanza ulipoiweka CD hiyo kifua changu kilitetema. Nikakwambia, "Zima huyo shetani."

"Bibi, wait, wait. Inakuja."

"Nini kinakuja, ajali?"

Ndipo yakaingia matarumbeta.

Matarumbeta yale nayajua. Si hayo, ni ndugu zake. Babu yako, yule uliyerithi jina lake na pua yake, alikuwa anapuliza tarumbeta kwenye ngoma ya beni kule Pangani. Vijana wanapanga mstari, wamechana nywele, wanawajigambia watu wa mtaa wa pili, na sisi wanawake tuko kandoni tunajifanya hatuwatazami. Nilimtazama. Nikaolewa. Sasa nimezeeka, nimekaa kwenye foleni Marekani na mkanda umenibana tumbo, nasikia vijana wengine wamepanga mstari ule ule.

Tangu hapo ukawa unanifasiria. Ulisema hawa wa Kusini walikuwa wakichekwa na watu wa miji mikubwa ya Kaskazini, eti matamshi yao ya kishamba, eti hawawezi kitu. Nikakwambia simamisha gari. Ulidhani naumwa. Mimi mtu wa Kondoa niliyeolewa pwani, nani wa kunieleza habari za kuchekwa ulimi? Mawifi zangu walikuwa wakiniita niseme neno moja tu mbele ya wageni ili wapate kucheka. Na hawa vijana hawakujibadilisha hata kidogo. Wameimba kwa ulimi wao wa nyumbani, na vyakula vya nyumbani, na majani ya bibi zao yaliyochemshwa na mifupa, na dunia nzima ikaja kusikiliza. Siku ile niliwapenda.

Na kazi wanaijua. Wanasema upesi, lakini hawana haraka. Ule wa tatu wanajigamba mpaka unatamani kuwazaba kofi, ule wa nne wanajicheka wenyewe. Wa nane wanamlilia mwenzao aliyefungwa, kinanda cha kanisani kinapiga chini kwa chini, na mimi Mwislamu mzima nilitoa machozi mbele ya taa nyekundu. Nyimbo unazonitumia siku hizi zinaisha kabla sijakaa vizuri. Ile CD imepangwa. Ukiruka wimbo mmoja unaliona pengo, kama jino lililong'oka.

Lakini wa sita ndio wangu. Kijana amepotelea mjini siku nyingi, anarudi kwa bibi yake. Anapanda barazani. Anagonga mara tatu. Hapo CD yako ina mkwaruzo, inaruka, tunajikuta tayari kwenye matarumbeta. Sisi tuliijua hivyo hivyo. Wewe unagonga usukani, ngo, ngo, ngo, mimi napuliza tarumbeta kwa mdomo. Mwenye gari la pembeni akitukodolea macho, unashusha kioo unamwambia huyu ni mke wangu.

Siku unaondoka ulinitia CD mkononi. "Bibi, naiacha kwako ili nirudi kuichukua." Huu mwaka wa pili. Mara kazi, mara gari, mara mke mwenzangu anatapika. Sasa umepiga simu kwamba Jumamosi unakuja kuifuata, mtoto akizaliwa iwe sauti ya kwanza kuingia sikioni mwake. Ya kwanza ni adhana, mpumbavu wewe. Ya pili sawa.

Hasira yako siiogopi, nimekuosha matako. Ninachoogopa ni kimoja: usije ukasema, basi, kama CD imeharibika hakuna cha kufuata, nitakuja siku nyingine. Siku nyingine mimi sizioni nyingi kutoka hapa nilipokaa.

Kwa hiyo mama yako kanionyesha ni ipi, nimeishusha kutoka kwenye uzi, nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaifuta kwa khanga yangu laini. Tukairudisha garini. Wa kwanza haukusema kitu. Wa pili kigugumizi. Mama yako akabonyeza, akabonyeza, kila mmoja unakwaruza tu, mpaka wa sita. Wa sita ukalia, Shabani. Kijana akapanda barazani, akagonga mara tatu, CD ikaruka pale pale pake. Nilipuliza tarumbeta mpaka mama yako akafunga vioo.

Halafu akaniwekea wimbo huo huo kwenye simu yake, mzima, usio na mkwaruzo. Pale tulipokuwa tunaparuka pana sauti ya bibi kizee. Nikamwambia nifasirie. Akasema bibi anajibu kutoka ndani, wala hamuulizi mjukuu alikuwa wapi wala amefanya nini. Anamwambia, "Umekula?" Basi.

Miaka yote hiyo tunalivuka neno langu mwenyewe.

CD imebaki na wimbo mmoja. Njoo uufuate huo mmoja. Na usinikalie garini kwenye njia ya nyumba ukinitumia ujumbe kwamba umefika, kama watoto wa huku. Panda ngazi, ugonge. Lile neno nitalisema mimi, na matarumbeta utayasikia kutoka jikoni. Mchicha upo. Ndege wameubakiza.

Mkeo wa kwanza, ambaye hukumpa talaka,
Bibi yako