Kompyuta Yako Imewaka, Zuhura

Shoga yangu Zuhura,

Amani ya Mungu iwe nawe huko mbele ya haki. Sisi wa Likoni twaendelea, na nina habari ya kukupa.

Kompyuta yako ilikataa kuwaka, hata arubaini yako hatujaisoma. Nilibonyeza swichi, feni ikazunguka, ukatoka mlio mmoja mrefu, kioo kikabaki cheusi. Na mlemle ndani ndimo ilimokuwa mitihani ya shule, uliyoipiga chapa kabla hujalazwa. Mwalimu mkuu aliitaka kesho yake.

Nililia, Zuhura. Si kwa ajili ya mitihani.

Wanijua, mimi ni wa taipureta. Tangu tufungue duka letu la kupiga chapa, kompyuta ilikuwa yako, nami hata vumbi sikuthubutu kuipangusa. Ukinicheka: "Rukia, haiumi hiyo! Njoo uishike."

Kakako akasema tuwape wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mamako, aliyekuwa ameniletea uji, akamkatiza: "Haiuzwi. Huyu ataitengeneza."

Mimi! Nikamjibu tu, "Inshallah, mama."

Basi nikakumbuka ulivyofanya mwaka ule wa mvua nyingi, ilipogoma hivihivi, ukijisemea peke yako: "Kwanza umeme. Halafu nyaya. Halafu ndani." Nikachomeka taa kwenye soketi ileile, ikawaka. Nikaukaza waya wa kioo. Bado. Nikachomoa umeme, nikafungua ubavu wake kwa bisibisi. Vumbi tele, skrubu zimeliwa na hewa ya chumvi. Nikavitoa vile vibao vidogo vya kumbukumbu, nikayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli kama ulivyofanya wewe, nikavirudisha.

Mlio uleule mrefu.

Mamako alinisogezea stuli. Nikachomoa umeme tena, nikachungulia, kumbe kibao kimoja kimekaa upande. Nikakitoa, nikakirudisha, nikakikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili mpaka kikalia ta!

Safari hii mlio ukawa mfupi. Herufi nyeupe zikapanda kwenye kioo, moja baada ya nyingine.

Mamako akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio, akikumbuka tuko msibani. Halafu akauondoa mtandio, akapiga kingine, kirefu zaidi. "Mwanangu ndiye aliyekufunza," akaniambia. "Waache wasikie."

Mitihani ikatoka yote, safi, kama ulivyoipanga. Mwalimu mkuu aliuliza nani ametengeneza mashine. Nikamjibu bila kuinamisha kichwa: "Ni mimi. Nimefunzwa na Zuhura."

Nakuahidi, duka halifungwi. Na jana mamako, ambaye hajawahi kushika hata kalamu, aliketi kwenye kiti chako akaniomba nimwonyeshe herufi za jina lako. Alizitafuta kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ya mwisho. Hakukosea hata moja.

Pumzika, shoga yangu. Dua zangu haziachi kukufikia.

Wako,
Rukia